Tapeti Nilizokaza Ulipokwenda Kusali

Mzee wangu Sefu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila hiyo. Miaka kumi na moja nimeingia uani kwako nikiitoa kabla sijatua mkoba, na mdomo umeshazoea. Baada ya shikamoo watu huandika kwamba wao ni wazima, hofu ni kwa msomaji. Hapo nimekwama dakika nzima na kalamu mkononi, maana wa kuhofiwa safari hii ni mimi.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha abiria tulichokitoa kwenye Datsun yetu ya mbio, ulichokifanya kiti chako cha enzi. Nilimwomba ruhusa Bi Zuhura kabla ya kukikalia. Uani kwako hapajabadilika sana. Ndege bado zinapita juu ya Kiwalani kana kwamba zinataka kuondoka na bati la paa, na mimi bado nanyamaza katikati ya sentensi mpaka zipite, hata nikiwa peke yangu. Lile bati lililokuwa likivuja juu ya meza ya kazi nimelibadilisha. Mkeo yuko eda, hatoki, na wanaume wa mtaani wanaishia mlangoni na salamu zao. Mimi naingia. Ulikuwa ukisema kuna faida moja ya kuwa fundi mwanamke, na hukuwahi kuniambia ni ipi; labda ni hii.

Gari limekimbia. Nilitaka uipate hiyo mapema kwa sababu najua ndiyo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza mkeo amekula nini. Limekimbia robo maili yote, limenyooka, halikuyumba. Lakini hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza niliiunguza injini yako, na namna nilivyoiunguza ndiyo iliyonifanya nitafute karatasi. Nilijaribu kukwambia kwa mdomo, hapa hapa kwenye kiti, nikajisikia naongea huku najitetea. Kwenye karatasi nikianza kujitetea nitajiona.

Nakumbuka siku uliyonionyesha ile picha. Ulikuwa umeitunza kwenye bahasha moja na cheti chako cha ndoa, umeichana kwenye gazeti la magari la wazungu enzi za ujana wako, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Gari dogo la zamani, pua juu, magurudumu ya mbele membamba kama ya baiskeli, ya nyuma mapana, na injini imetokeza nje ya boneti kama inataka kushuka. Ukaniambia hilo ndilo gari unalotaka kulijenga kabla hujafa, na kazi yake ni moja tu, kutoka hapa mpaka pale kwa mstari mnyoofu na kumaliza. Nikakuuliza gari lisilokata kona lina faida gani. Ukanijibu, "Kona nimezikata sana, Hamisa. Zimenichosha." Nilicheka, nikaenda kutafuta msumeno.

Ilituchukua miaka mitatu, katikati ya kazi za watu. Bodi ya Datsun tuliikuta Ukonga nyuma ya nyumba ya mama mmoja, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma, na tulipoiondoa kuku walitufuata mpaka barabarani. Mabomba ya fremu tuliyajaza mchanga tukayapasha moto ili yasibonyee wakati wa kuyakunja. Wewe ulishika moto, mimi nilivuta. Ekseli ya mbele tuliitoa kwenye pikapu iliyokufa. Bi Zuhura alilibatiza lile gari jina la mke mwenza. Kila ukichelewa kuingia ndani kula alikuwa akisema kwa sauti ya kufika kwa majirani, "Leo zamu ya nani, yangu au ya huyo wa bati?" Nawe ulikuwa ukinitazama kana kwamba mimi ndiye mshenga.

Kiti cha dereva kilikuwa changu tangu mwanzo. Ulisema ni kwa sababu nina kilo hamsini na mbili na kila kilo ni adui. Mimi najua haikuwa hiyo peke yake.

Wewe ndiye uliyenichukua. Nilitoka chuo cha ufundi na cheti mkononi nikazunguka gereji saba, Temeke mpaka Tandale, na zote saba waliniuliza kama naweza kupika chai. Wewe uliniuliza kama naweza kusikia. Ukawasha pikapu ya mtu, ukanipa bisibisi ndefu niweke ncha kwenye injini na mpini sikioni, ukataka nikwambie silinda ipi inaumwa. Nikakosea. Ukasema nirudi kesho. Wiki ya pili yake akaja yule mteja mwenye lori, akasema gia boksi yake haifunguliwi na mikono ya kukandia unga. Hukupandisha hata sauti. Ulimwambia, "Kama humtaki yeye, hunitaki na mimi," ukarudi kupangusa spana zako, na lori likavutwa kwenda kwa fundi mwingine. Nilikuwa nimesimama nyuma ya lile lori nikisikia kila neno. Naileta habari hii hapa ili nikumbuke nilifanyiwa nini kabla sijasema nilichofanya.

Hukuwa unafunga nati bila kuiwekea alama. Ukishaikaza na kuridhika, unachora kamstari ka rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, ili ikilegea mstari ukatike uonekane. Rangi uliinunua mwenyewe kwa wamachinga wa Tandale, na yule dada muuzaji alipokuuliza unampelekea nani ukasema una mabinti wengi, wote wa chuma. Ulikuwa mashoto, kwa hiyo mistari yako yote ililalia upande mmoja. Miaka kumi na moja naitazama mistari ile na sikuwahi kuona kwamba ina mwandiko.

Mwaka huu, mwezi wa Ramadhani, ndipo nilipoona mkono wako ukitetemeka. Ilikuwa kumi la mwisho. Daktari alikuwa amekukataza kufunga kwa sababu ya kisukari, na wewe ukafunga. Adhuhuri ile ulikuwa umeshika skrubu ndogo ya kabureta, vidole vikaanza kucheza, skrubu ikaangukia mchangani. Tuliitafuta wote wawili. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo na spana. Siku mbili, mzee. Nimehesabu sana baadaye na ni siku mbili tu, zote ukiwa na njaa na sukari imeshuka. Baada ya Idi sikuuona tena ukitetemeka. Lakini ukweli ni kwamba sikuutazama tena. Nilikuwa nimeshaamua.

Mwezi mmoja baada ya Idi ukafunga tapeti za injini ya Datsun, vile vyuma vinavyozisukuma valvu za kuingizia mafuta na kutolea moshi zifunguke. Ulizifunga peke yako, asubuhi moja nilipokwenda kununua gasketi. Niliporudi ukawasha kidogo ili nisikie, nami nikasikia kelele za chuma kugonga chuma, injini inapiga kama cherehani ya fundi mwenye haraka ya sikukuu. Wewe ulikuwa unatabasamu. Nikajua tapeti ziko wazi mno. Ulipokwenda msikitini kusali Alasiri nilifungua kifuniko, nikachukua fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya kati ya tapeti na valvu, nikachomeka kile ambacho kitabu cha gari kinakitaka. Kikapita kikiwa huru kabisa. Nikaongeza cha pili juu yake, nacho kikapita. Upande wa kutolea moshi ulikuwa hivyo wote, valvu zote nne.

Hapo ndipo pa kukuuliza. Sheria ya gereji yako ilikuwa moja, kwamba usichokielewa usikiguse mpaka umeuliza, na mimi nimekuuliza maswali miaka yote ile, mpaka ya kijinga. Hili sikuuliza. Niliona haya kwa niaba yako. Nilijiambia mkono umemsaliti mzee, vidole vimecheza akaachia wazi, na nikimuuliza nitakuwa namvua nguo mbele ya injini yake mwenyewe. Kumsitiri mtu mzima, ndivyo tulivyolelewa. Ukiona doa kwenye kanzu ya mzee hulitangazi, unalifuta akiwa hatazami. Nikazikaza tapeti zote kwa kipimo cha kitabu, nikachukua kichupa chako nikachora mistari mipya, nikarudisha kifuniko. Ulipotoka msikitini nilikuwa nafagia.

Nikaona nimefanya jambo jema, na nikaendelea. Kila Alasiri nilikuwa nafungua kitu ulichokifunga asubuhi, nakipima, na kila mara nilikikuta kiko sawa. Hilo halikunifundisha chochote. Nilikuwa najiambia leo amebahatisha.

Ningeishia hapo, barua hii ingekuwa fupi. Lakini nilikwenda dukani kwa Bwana Nassoro, muuza spea wetu pale Temeke, ambaye amekuletea injini za wateja wake tangu baba yake yuko hai. Aliniuliza hali yako. Mbele ya kaunta walikuwapo mafundi wanne watano wanasubiri vitu vyao. Nikashusha sauti, na unajua mtu akishusha sauti kaunta nzima inasikia, nikamwambia, "Mzee mikono yake haitulii siku hizi. Kazi za ndani ya injini niletee mie, yeye tumwache apumzike." Nilisema kwa huruma. Nilisema pia, na hili sijawahi kumwambia mtu, kwa sababu nilipenda lilivyosikika. Miaka kumi na moja naitwa msaidizi wa Mzee Sefu, halafu siku hiyo kaunta nzima imenigeukia mimi.

Hazikupita wiki mbili. Wateja wakawa wanaingia uani, wanakuamkia wewe, halafu funguo wananikabidhi mimi. Mmoja aliniomba mbele yako niitazame mwenyewe injini uliyoifunga kabla hajaichukua. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti hiki unapangusa spana iliyokwisha kuwa safi. Nilikusitiri uani nikakuanika dukani, na sikuona kama mambo hayo mawili yanapingana.

Halafu ikaja siku ya kuiwasha Datsun mbele za watu. Bi Zuhura alitoka na chetezo cha ubani, nusu utani nusu kweli, akalifukiza gari kama bibi harusi. Ukawasha wewe. Injini ikanguruma laini, ile kelele ya cherehani haipo. Majirani wakapiga makofi. Wewe ukainamisha kichwa, ukasikiliza kwa muda mrefu, ukasema, "Imenyamaza mno." Nikakujibu kwamba ndiyo uzuri wenyewe, mzee. Ukazima. Injini ilipopoa ukafungua kifuniko, ukainama juu ya tapeti. Hukupima kitu, ulitazama tu. Sasa najua ulikuwa unatazama mistari. Yangu inalalia upande mwingine.

Ungenifokea ningeipokea. Ungeniuliza ningekwambia. Badala yake ulitoa kile kichupa mfukoni ukanitia mkononi, ukasema, "Kaa nacho wewe. Mkono wako umetulia." Nami, Mungu anisamehe, nikaona umenitunuku. Nilikwenda nyumbani nikamsimulia mama yangu kwamba mzee amenikabidhi gereji.

Hukugusa tena injini. Ulikuja uani kila siku, ukakaa, ukaelekeza pale nilipokuuliza, na mimi sikuuliza mengi. Ikawa hivyo miezi miwili. Halafu asubuhi moja hukuamka vizuri, Bi Zuhura akanipigia simu, tukakukimbiza hospitali, na kabla ya adhuhuri ukawa umeondoka. Nilikuwa nimeshika viatu vyako. Sikujua niviweke wapi.

Kabla ya kukusalia, kaka yako alisimama nje kwa wanaume akasema kwenye kipaza sauti kwamba kama marehemu amemkosea mtu, familia inaomba asamehewe. Sisi wanawake tulikuwa ndani kwenye mikeka, tunasikia. Wanaume wakaitikia kwamba wamesamehe, na katika sauti zile nikaitambua ya Nassoro. Nikawa nangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Hawaulizi kama kuna aliyemkosea marehemu, na hata wangeuliza ningekaa kimya, kwa sababu siku ile nilikuwa bado najiona mwema.

Wiki ya saba baada ya kukuzika kukawa na mashindano ya magari, kwenye barabara ya kile kiwanda kilichofungwa nje ya mji. Nikalipeleka gari kwa ajili yako. Nilivaa kofia ngumu, nikajifunga mikanda, mtu akashusha bendera. Pua ikanyanyuka kama kwenye picha, mzee, kweli kabisa, nikapiga ukelele peke yangu mle ndani. Nusu ya njia nguvu ikaanza kutoka. Injini ikakohoa, ikatema moto kwenye ekzosi, na kipande cha mwisho nilikimaliza kwa kuserereka tu. Watu walicheka kidogo, halafu wakaacha, maana walijua ni gari la marehemu. Nilipokuwa navua kofia nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Si unajua tena, mzee mwishoni mikono ilishakwisha." Alisema kwa sauti ile ile ya huruma niliyoitumia mimi. Sikugeuka. Nilikuwa sijajua bado kosa liko wapi.

Siku ya pili nikafungua silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu. Valvu nne za kutolea moshi zilikuwa zimeungua kingo, moja imemeguka kama biskuti iliyoumwa. Za kuingizia zote nzima. Nikakaa chini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua maana yake: chuma kikipata moto kinarefuka, na kikikosa nafasi ya kurefukia valvu haifungi tena, moto unapita pale pale unaila. Kitabu nilichokifuata kiliandikwa kwa gari la kumpeleka mtu kazini. Injini yetu ilikuwa imeshaacha kuwa ya kwenda kazini tangu siku ulipoipeleka kemshafti, ile nondo inayozisukuma tapeti, ikachongwe upya kwa ajili ya mbio.

Nikaenda Tandale kwa yule fundi wa kukereza vyuma aliyeichonga. Nikamwekea valvu mezani. Akazigeuza geuza, akaniuliza, "Kwani mzee si alisema ataziachia wazi? Tulikaa hapa asubuhi nzima tunapiga hesabu. Kaipima kemshafti mara tatu huyo, mbele ya macho yangu." Akaniandikia kipimo chako kwenye kipande cha boksi. Ni kile kile nilichokikuta Alasiri ile, vibati viwili kwa pamoja, tapeti zote nne sawasawa, hakuna iliyopishana na mwenzake. Mkono unaotetemeka hauwezi kukosea vile vile mara nne. Nilikuwa nimeshika ushahidi huo kwa vidole vyangu siku ile, mzee, na nikaufuta.

Nilitafuta valvu mpya, nikazisaga, nikafunga tapeti kwa kipimo chako. Injini ikapiga kelele kama cherehani. Wiki tatu baadaye wenye mashindano wakaniruhusu kulijaribu tena, na hiyo ndiyo mara niliyokutajia, robo maili nzima. Nilishuka, nikaangaza macho nitafute mtu wa kumwambia, na niliyekuwa namtafuta ni wewe. Watu wakanizunguka. Wakanishika mkono, wakasema Hamisa ameinyoosha. Walidhani nimerekebisha kosa lako.

Nilitoka pale nikaenda kwa Nassoro. Nikamwita pembeni, nikamweleza yote, tapeti, kitabu, valvu. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Mwisho akasema, "Hamisa, hiyo ishu ishapita. Mzee wetu keshapumzika, wewe jina lako linapanda, unafukua nini sasa?" Akaniagizia soda. Nami nikainywa. Nikarudi Kiwalani nimenyamaza tena, na kunyamaza huko nakuhesabu kuwa kosa langu la tatu.

Juzi nikaingia kwa Bi Zuhura. Nilitaka angalau yeye ajue. Alikuwa amekaa anachambua mchele, ingawa hakuna mgeni wa kumpikia. Nilianza maelezo yangu, nikafika kwenye neno mikono, akanikatiza. Hakuwa na hasira. Alisema, "Alikuwa ananisumbua na hiyo mikono, mwanangu. Kila asubuhi kabla ya chai anainyoosha pale mezani. Ananiuliza, Zuhura, hebu tazama, inatetemeka? Namwambia haitetemeki. Ananambia we unanipenda, huwezi kuniambia. Anasema Hamisa hagusi kitu bila kuuliza. Akigusa bila kuuliza, ujue kaona hali mbaya."

Akaacha kuchambua. Akaniambia ilifika mahali hata yeye akawa hayaamini macho yake. Anaitazama mikono ya mumewe imetulia pale mezani, na bado anajiuliza labda kuna kitu ambacho mafundi wanakiona na yeye hakioni. Kisha akanitazama usoni. "Basi niambie wewe uliyesomea. Ilikuwa inatetemeka?"

Nilimjibu, mzee. Nilimwambia haikutetemeka, ila zile siku mbili za njaa ya Ramadhani. Nikamwambia ni mimi niliyekosea, nikamweleza polepole kama anavyoelezwa mtu asiyejua injini, mpaka alipoelewa kwamba wewe ulikuwa sahihi na yeye alikuwa sahihi. Akajifunika uso kwa kanga. Sikumgusa, sikuona kama nina haki. Kisha akasema kwa chini, "Na mie nilimwambia," akalirudia hilo hilo, "mie nilimwambia," halafu akaniomba nimwache ajilaze kidogo.

Hili sioni nitalifanyaje. Jina lako naweza kulihangaikia. Lakini asubuhi zile, wewe na mikono yako juu ya meza, mkeo anakwambia ukweli na wewe unamkatalia kwa sababu yangu, siwezi kuzifikia tena. Sina pa kwenda kuzitengeneza. Ulikufa unaniamini mimi.

Jumatatu narudi kwa Nassoro. Siendi mchana akiwa peke yake. Naenda saa tatu asubuhi, kaunta imejaa, na sitamwita pembeni wala kushusha sauti. Nitaziweka zile valvu zilizoungua juu ya kioo cha kaunta, niseme ni nani aliyezikaza tapeti, alizikaza saa ngapi na bila kumuuliza nani, na kwa nini Mzee Sefu alikuwa ameziachia wazi. Wakicheka, wacheke. Wakisema ndiyo maana injini hapewi mwanamke, hilo litaniuma kuliko yote, kwa sababu wewe ndiye uliyewanyamazisha na mimi nitakuwa nimewafungua midomo. Lakini nitalisikiliza mpaka mwisho na sitaondoka. Wateja wakichukua funguo zao wakaenda kwingine, nitakaa uani na spana zako. Halafu nitawatafuta ambao hawakuwapo, mmoja mmoja, mpaka mtu wa mwisho aliyefikiwa na neno langu. Hiyo ni ahadi, na nimemwahidi pia Bi Zuhura ili anisute nikichelewa.

Sikuombi unisamehe leo. Nitaomba nikishamaliza kazi. Mungu akupanulie kaburi lako na akulaze pahala pema, na kama habari za huku huwa zinafika, namwomba hii iwahi kuliko zote: ulipima sawasawa, mzee wangu. Mikono yako ilikuwa mizima.

Kwaheri.

Mwanafunzi wako,
Hamisa